rbcL, matK, trnH-psbA au ITS2: barkodi ipi ya vinasaba inafaa kwa mimea inayofanana ya Tabora na Kigoma

Anayeanza kutumia vinasaba kutenganisha mimea ya miombo hukutana mapema na majina yasiyojieleza: rbcL, matK, trnH-psbA, ITS2, trnL. Kila moja ni jina la kipande cha DNA ambacho watafiti hukisoma ili kulinganisha mmea huu na ule (ndicho kinachoitwa barkodi), na kila kipande kina watetezi wake. Kwa mikoa ya Tabora na Kigoma ushauri wetu ni huu: usichague kipande kabla hujataja kundi la mimea unalolishughulikia na hali ya sampuli ulizonazo. Mninga na mkurungu inahitaji kipande kimoja, milama (miti ya jenasi Combretum) kingine, kinyesi cha sokwe kinachochunguzwa ili kujua chakula chake kingine kabisa. Na kwa mtundu na ndugu zake wa jenasi Brachystegia, fedha ya kwanza pengine isiende kwenye barkodi hata kidogo.

Macho kwanza

Barkodi haichukui nafasi ya macho. Chukua jozi inayowachanganya wengi katika misitu ya Sikonge, Urambo na Uvinza: Brachystegia spiciformis, ambayo wengi huiita mtundu, na Julbernardia globiflora. Kwa mbali ni miti ileile, yenye taji lilelile na vijani (majani madogo yanayounda jani moja) vya umbo lilelile. Lakini shika jani moja lililokomaa uhesabu jozi za vijani. Mtundu kwa kawaida una jozi 3 hadi 5, na jozi ya mwisho kabisa ndiyo kubwa kuliko zote. Julbernardia globiflora ina jozi 4 hadi 7, na jozi za katikati ndizo kubwa. Tena maganda yake ya rangi ya kahawia yenye vinyweleo laini huonekana juu ya majani. Misimu nayo inasaidia, kwa kuwa mtundu huchanua kuelekea mvua za kwanza, ilhali Julbernardia huchanua mvua zikiwa zimekolea au zinaelekea kwisha. Brachystegia boehmii hutambulika kirahisi zaidi, kwa sababu jani lake lina jozi nyingi za vijani vyembamba, 13 na kuendelea, mfano wa unyoya.

Kutuma majani hayo maabara ni kulipa mara mbili kwa jibu ambalo tayari unalo mkononi. Vinasaba vina kazi pale macho yanapokosa cha kushika: mche usio na ua, gogo lisilo na jani, ubao, mzizi wa dawa uliosagwa, chavua ndani ya asali, au jenasi ambayo hata wataalamu wa hebaria (mkusanyo wa mimea iliyokaushwa) hubishana juu yake.

Vipande vyenyewe

Kwa wanyama kazi hii hufanywa na jeni moja ya mitokondria, COI. Kwa mimea haifai, kwa sababu mitokondria ya mimea hubadilika polepole mno na spishi mbili tofauti huweza kuwa na mfuatano mmoja wa besi, yaani herufi za DNA. Ndiyo maana mwaka 2009 kikundi cha kimataifa cha barkodi za mimea kilipendekeza vipande viwili vya kloroplasti (sehemu ya kijani ya seli, yenye DNA yake) visomwe pamoja, rbcL na matK. Katika jaribio lao la spishi 550, jozi hiyo ilitenganisha spishi kwa kiwango cha asilimia 72. Namba hiyo ikumbukwe kabla ya kumwahidi mtu jina la spishi. Na hiyo ni wastani wa makundi mengi. Kwa jenasi changa zenye spishi nyingi hali huwa mbaya zaidi. Katika jedwali hili, PCR ni njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kiweze kusomwa, na praima ni vipande vifupi vya DNA vinavyoshika kingo za kipande hicho ili kunakili kuanze.

| Kipande | Kilipo | Urefu (jozi za besi) | PCR | Kinafika wapi | Kinapokwama |
|---|---|---|---|---|---|
| rbcL | kloroplasti | karibu 550 | rahisi sana | familia, mara nyingi jenasi | spishi ndugu hulingana kabisa |
| matK | kloroplasti | karibu 800 | ngumu | jenasi, wakati mwingine spishi | praima hazishiki kila kundi |
| trnH-psbA | kloroplasti | 200 hadi 1000 | rahisi | mara nyingi spishi | marudio ya besi moja, urefu unaoyumba |
| ITS2 | kiini cha seli | 200 hadi 250, pamoja na kingo zake karibu 450 hadi 500 | wastani | spishi katika makundi mengi | kuvu, nakala zinazotofautiana |
| trnL P6 (kisehemu cha ndani ya trnL) | kloroplasti | 10 hadi 143 | rahisi hata DNA ikiwa imekatikakatika | familia, jenasi | ni kifupi mno |

Jedwali halisemi yote. rbcL tunaipenda kwa sababu moja: haikuangushi. Ikiwa DNA yako ina uhai wowote, rbcL itatoka kwenye jeli inayoonyesha kama PCR imefaulu, na mfuatano wake hauna mapengo, hivyo kuupanga na mingine ni kazi ya dakika chache. Inafaa kama kipimo cha kwanza cha ubora wa sampuli, na inafaa kugundua makosa makubwa, kwa mfano bahasha mbili kubadilishana namba. Ikiwa ulichodhani ni mbula (Parinari curatellifolia) kimetoka kwenye familia ya kunde, tatizo liko kwenye bahasha. Lakini anayeitumia rbcL peke yake kutaja spishi ndani ya jenasi anajidanganya.

matK ina habari nyingi zaidi kwa kila besi 100, ila praima zake ni kigeugeu. Zile zinazotumika zaidi, 3F_KIM na 1R_KIM, hufanya vizuri kwa familia nyingi za mimea ya maua na kushindwa kwa nyingine, bila kujali DNA yako ni safi kiasi gani. Ukiona rbcL imetoka vizuri kwenye sampuli ileile na matK imegoma, usiirudie PCR mara tano. Shusha joto la kushikisha praima hadi nyuzi 48 za Selsiasi, weka DMSO (kemikali ya kulegeza DNA) asilimia 5, na ikigoma tena tafuta praima zilizotengenezwa kwa familia hiyo au hamia ITS2.

trnH-psbA si jeni, ni nafasi iliyo kati ya jeni mbili, na kwa kuwa haibebi maagizo ya protini hubadilika kwa uhuru. Hapo ndipo nguvu yake ilipo, na shida yake pia. Ina misururu ya A au T, na msururu ukipita besi 8 hadi 10 mashine huteleza: vilele vya grafu baada ya msururu huanza kupandana na hakuna kinachosomeka. Dawa ni kusoma kutoka pande zote mbili ili kila upande ufike kwenye msururu kabla ya kuteleza. Shida nyingine ni kwamba sehemu fulani ya kipande hiki inaweza kujipindua, ikasomeka kinyume ndani ya spishi moja. Programu ya kulinganisha itakuonyesha tofauti kama 10 mahali ambapo tukio ni moja tu. Kagua kwa macho kabla ya kuchora mti wa ukoo.

ITS2 ndiyo tunayoitetea kwa kazi nyingi za mikoa hii, lakini kwa masharti. Iko kwenye kiini cha seli, kwa hiyo inabeba urithi wa baba na mama. Vipande vya kloroplasti kwa kawaida hubeba upande mmoja tu, na katika mimea mingi ya maua ni wa mama. Ni fupi kiasi cha kusomeka hata kwenye sampuli kuukuu za hebaria. Kundi la watafiti wa China lilipendekeza mwaka 2011 kwamba ITS iongezwe kwenye barkodi rasmi ya mimea ya mbegu, na hoja yao ina uzito. Masharti ni mawili. Kwanza, praima ITS4 hushika pia kuvu, na jani la msimu wa mvua halikosi kuvu ndani yake. Ukipata mfuatano unaolingana na kuvu, chagua jani safi lisilo na madoa, na kwa upande wa mbele tumia praima S2F (ATGCGATACTTGGTGTGAAT), iliyotengenezwa kwa mimea. Pili, mmea mmoja una nakala nyingi za ITS, na zikitofautiana utaona vilele viwiliviwili kwenye grafu. Huo unaweza kuwa uchafu, au ushahidi kwamba mti wako ni chotara. Usiufute haraka.

Brachystegia: mahali ambapo barkodi ya kawaida inashindwa

Jenasi hii ina takriban spishi 30 barani Afrika, na ndiyo inayoupa msitu wa Tabora sura yake. Spishi zake huzaliana zenyewe kwa zenyewe, na wataalamu wa hebaria wamekuwa wakikuta vielelezo vya katikati ambavyo havikai upande wowote. Chotara akirudi kuzaa na spishi ya baba yake kizazi baada ya kizazi, kiini cha seli hufanana na cha baba, lakini kloroplasti hubaki ya bibi aliyeanza. Matokeo yake ni kwamba miti miwili ya spishi tofauti iliyosimama jirani inaweza kuwa na kloroplasti moja, na miti miwili ya spishi moja iliyo mbali ikawa na kloroplasti tofauti. Ukisoma rbcL na matK za Brachystegia kutoka Kaliua na Kasulu, jiandae kuona makundi yanayofuata ramani badala ya kufuata majina.

Kuongeza kipande cha tatu cha kloroplasti hakuondoi tatizo, kwa sababu kloroplasti hurithiwa nzima. Vipande vitatu vyake ni shahidi mmoja aliyeulizwa mara tatu. ITS2 husaidia kidogo kwa kuwa inatoka upande mwingine, ila peke yake haitoshi kwa spishi zilizoachana karibuni.

Basi uchaguzi kwa Brachystegia ni wa aina tatu. Ikiwa unahitaji jina kwa ajili ya orodha ya misitu, wekeza kwenye kielelezo kizuri chenye majani yaliyokomaa, ua na ganda, ukipeleke kwa mtaalamu; kinashinda barkodi kwa gharama na kwa uhakika. Ikiwa unachohitaji ni kujua kwamba gogo au mche ni Brachystegia na si Julbernardia wala Isoberlinia, matK kwa kawaida itakufikisha. Na ikiwa swali lako ni la mipaka ya spishi na uchotara, nenda moja kwa moja kwenye mbinu inayosoma jeni nyingi za kiini kwa pamoja, kama seti ya Angiosperms353 iliyotengenezwa Kew (bustani ya mimea ya Uingereza), inayolenga jeni 353 za kiini cha seli. Ni ghali kwa kila sampuli, lakini ghali zaidi ni kusoma miti 100 kwa vipande ambavyo tangu mwanzo haviwezi kujibu swali.

Mninga, mkurungu na mbao

Hapa hali ni nzuri zaidi. Mninga (Pterocarpus angolensis) na mkurungu (Pterocarpus tinctorius) ni spishi zilizoachana vya kutosha kwa ITS2 kuzitenganisha, na matK ikiongezwa unapata shahidi wa pili kutoka upande wa kloroplasti. Swali hili lina uzito wa kisheria. Mkurungu uliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) mwaka 2019, na mwaka 2022 jenasi nzima ya Pterocarpus ya Afrika ikaingia, pamoja na mkongo (Afzelia quanzensis) na ndugu zake. Magogo, mbao zilizopasuliwa, veneeri na plaiwudi za spishi hizo zinahitaji vibali vya CITES kuvuka mpaka.

Tatizo la mbao ni hali ya DNA yake. Mti unapotengeneza moyo wake mwekundu, seli hufa na DNA huanza kukatika; kukausha kwenye tanuri huongeza uharibifu. Kipande cha besi 800 cha matK kwa kawaida hakitoki kwenye ubao uliokaa stoo miaka kadhaa, ila kipande cha chini ya besi 200 mara nyingi hutoka. Kwa mbao, basi, ITS2 igawanywe vipande viwili vifupi vyenye praima za ndani, na matK isomwe sehemu yake fupi tu yenye tofauti kati ya spishi unazozishuku. Chukua sampuli kwenye sehemu nyeupe ya nje ikiwa bado ipo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na seli hai. Kwangua milimita kadhaa za juu uzitupe, safisha keekee kwa jiki na kisha kwa spiriti, halafu toboa kwa mwendo wa polepole. Keekee inayozunguka kwa kasi huunguza unga, na ukisikia harufu ya kuungua umeshaipoteza sampuli hiyo. Unga wa miligramu 100 hadi 200 unatosha kwa utoaji mmoja. Toa mara tatu kutoka sehemu tofauti za ubao.

Mkaa usipelekwe kwa vinasaba. Joto la tanuru limeshamaliza DNA, ilhali muundo wa vishimo na mishipa ya mti bado unaonekana kwa hadubini. Mtaalamu wa anatomia ya mbao atakwambia jenasi kwa gharama ndogo sana.

Milama

Kwa Combretum kipande tunachokitaka ni trnH-psbA juu ya rbcL na matK. Kazi iliyofanywa kusini mwa Afrika na kuchapishwa mwaka 2013 ilionyesha kwamba kuongeza trnH-psbA kwenye jozi rasmi huongeza sana utambuzi wa spishi katika familia hii, na spishi kadhaa zilizopimwa huko, kama Combretum molle na Combretum zeyheri, zipo pia Tabora. Matunda yenye mabawa manne hutofautisha spishi nyingi kwa macho, kwa hiyo vinasaba vibaki kwa magome na mizizi ya dawa sokoni.

Asali na kinyesi: kuchagua kwa mchanganyiko

Asali ya Tabora hutokana kwa sehemu kubwa na maua ya Brachystegia na Julbernardia. Anayetaka kuthibitisha hilo kwa chavua hahitaji spishi. Jenasi inatosha, na hapo rbcL na ITS2 zinakwenda pamoja vizuri. rbcL hukosa mimea michache, ITS2 hutofautisha zaidi. Chukua gramu 10 hadi 40 za asali, changanya na maji, pasha nyuzi 65 kwa dakika 30 hadi iwe nyepesi, kisha izungushe kwenye sentrifuji na ubaki na mashapo ya chini. Chavua ina ganda gumu lisiloyeyuka kwa kemikali za kawaida. Lazima ipasuliwe kwa vishanga vya kauri au chuma kwenye mashine ya kutikisa. Anayeruka hatua hiyo hupata DNA ya chavua laini tu na kudhani mimea mingine haikuwepo. Na idadi ya mifuatano isichukuliwe kuwa asilimia ya chavua: mimea hutofautiana kwa wingi wa nakala na kwa jinsi praima zinavyoishika. Andika kwamba jenasi fulani ipo, na ukitaka uwiano hesabu chavua kwa hadubini.

Kwa chakula cha sokwe wa Gombe na Mahale, DNA ya mmea imepita tumboni na kubaki vipandevipande. trnL P6 ndiyo chaguo, kwa praima g (GGGCAATCCTGAGCCAA) na h (CCATTGAGTCTCTGCACCTATC). Kinyesi kiwekwe kwenye etanoli kwa siku moja au moja na nusu, kisha kihamishiwe kwenye silika. Njia hiyo ya hatua mbili huhifadhi DNA bila friji. P6 itakuishia kwenye jenasi au familia. Ukitaka kwenda mbali zaidi tengeneza maktaba ya mimea ya hifadhi yenyewe, kwa sababu kati ya spishi zote za Ficus duniani P6 haitachagua, ila kati ya zile chache zilizothibitishwa kwenye bonde moja inaweza kupunguza orodha.

Kukusanya: jani changa au jani lililokomaa?

Uchaguzi huu hauzungumzwi sana, nao huamua kama kazi itafaulu. Jani changa lina seli nyingi kwa kila miligramu na nyuzi kidogo, hivyo hutoa DNA nyingi. Miombo huchipua majani yake mekundu kuanzia Septemba, kabla ya mvua, na huo ndio wakati mzuri wa vinasaba. Lakini jani changa halimsaidii mtaalamu wa hebaria: jozi za vijani hazijafunguka sawasawa na vipimo haviaminiki. Suluhisho ni kuuwekea mti alama ya kibati chenye namba, uchukue jani la vinasaba wakati wa kuchipua, urudi kuchukua kielelezo chenye majani yaliyokomaa na maganda. Namba iwe ileile kwenye kibati, bahasha, gazeti la kubania na daftari. Ikiwa safari ni moja tu, chagua kielelezo. Sampuli ya DNA isiyo na kielelezo kinachoweza kukaguliwa tena haina thamani kwenye maktaba.

Kausha kwa silika, uzito wa silika uwe mara 10 ya jani au zaidi. Kwa gramu 2 za jani weka gramu 20, jani likiwa ndani ya bahasha ya karatasi au mfuko mtupu wa majani ya chai, na vyote ndani ya mfuko wa plastiki unaojifunga. Kata jani vipande, ondoa mshipa mkuu. Ndani ya saa 24 liwe kavu kiasi cha kuvunjika ukilikunja. Likikunjika kama kitambaa, badilisha silika. Kati ya Novemba na Aprili hewa ina unyevu mwingi, basi angalia rangi ya silika jioni ya siku ileile. Spiriti ya dukani isitumike kuhifadhi majani. DNA huharibika na tanini (kemikali kali za mmea zinazozuia PCR) hubaki. Mti mrefu usiofikika matawi, toboa gome kwa chuma cha kutobolea chenye kipenyo cha sentimita 2 na nyundo, uchukue utando laini unyevunyevu ulio kati ya gome na mti, uukaushe kwa silika vilevile.

Jani lililokauka vizuri husafiri kwa basi au treni hadi maabara bila barafu. Kabla halijasafiri hakikisha una kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), ruhusa ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kwa msitu wa hifadhi au ya TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) na mamlaka ya hifadhi kwa Gombe na Mahale. Na ikiwa linatoka nje ya nchi, uwe na mkataba wa kuhamisha sampuli pamoja na cheti cha afya ya mimea cha TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu).

Maabara: tanini ndiyo adui

Mtundu, mkusu (Uapaca kirkiana) na mbula zina tanini nyingi. Mninga unaongeza utomvu wake mwekundu. Kit ya kawaida ya kutoa DNA hukupa kimiminika cha rangi ya chai, na PCR inagoma. Kwa miti hii tunapendelea CTAB (kemikali aina ya sabuni inayopasua seli) kuliko kit, kwa sababu unaweza kuirekebisha kwa kila kundi.

Saga miligramu 20 za jani kavu hadi unga laini. Osha unga kwa bufa ya sorbitoli ya moli 0.35 yenye PVP (kemikali inayonasa tanini), mara 2 hadi 4, mpaka maji ya juu yasiwe na utelezi wala rangi nzito. Hatua hii peke yake huokoa sampuli nyingi. Weka mikrolita 700 za CTAB asilimia 2 yenye PVP asilimia 2, pamoja na mikrolita 7 za merkaptoethanoli ukiwa ndani ya kabati la hewa, kisha nyuzi 65 kwa dakika 45 hadi 60 ukitikisa kila dakika 10. Ongeza ujazo uleule wa klorofomu na pombe ya isoamili kwa uwiano wa 24:1, zungusha dakika 10, chukua tabaka la juu bila kugusa utando wa katikati. Utando ukiwa mnene, rudia. Isopropanoli theluthi mbili ya ujazo, saa moja kwenye friza, kisha kuosha mara mbili kwa etanoli asilimia 70, na kuyeyusha kwenye mikrolita 50 hadi 100 za TE (bufa ya kuhifadhia DNA).

PCR ya mikrolita 25: mchanganyiko tayari 12.5, kila praima 1 (mikromola 10), BSA, protini inayonasa vizuizi vya PCR, 1 (miligramu 10 kwa mililita), DNA 2, maji 7.5. Kwa ITS2 na matK weka DMSO 1.25 na upunguze maji kiasi hichohicho. Mzunguko wa rbcL: nyuzi 95 dakika 4, kisha mara 35 za nyuzi 94 kwa sekunde 30, 55 kwa sekunde 30, 72 kwa dakika 1, na 72 dakika 10 za mwisho. Jeli ikiwa tupu, usiongeze DNA. Ipunguze, 1 kwa 10 na 1 kwa 50: mara nyingi tatizo si DNA kukosekana, bali ni kimeng'enya kinachonakili DNA kufungwa na tanini. Kila kundi liwe na mrija mmoja wa utoaji usio na jani na mmoja wa PCR usio na DNA. Mrija mtupu ukitoa mstari kwenye jeli, kundi zima lirudiwe.

Bajeti na kusoma majibu

Hesabu kwa mifuatano, si kwa miti. Miti 30 kwa vipande viwili, kila kimoja kikisomwa pande zote mbili, ni mifuatano 120. Ukiwa na fedha ya mifuatano 120 tu, bora spishi 6 zenye miti 5 kila moja kutoka wilaya tofauti kuliko spishi 30 zenye mti mmoja mmoja. Mti mmoja kwa spishi hauwezi kuonyesha kama tofauti ndani ya spishi ni kubwa kuliko tofauti kati ya spishi, na hilo ndilo swali lenyewe. Mashine ndogo ya kusomea DNA ya MinION hupunguza gharama pale sampuli zinapokuwa nyingi, na kwa ITS yenye vilele viwiliviwili husoma kila nakala peke yake. Kwa sampuli chache, njia ya Sanger (ya kusoma kipande kimoja kimoja) bado ni rahisi kusimamia.

Mfuatano ukirudi, kata kingo zenye vilele vichafu, unganisha pande mbili, na kwa rbcL na matK utafsiri kuwa protini. Ukikuta alama ya kusimama katikati, umesoma vibaya au umepata nakala mfu, yaani ya jeni isiyofanya kazi tena. Kisha linganisha kwenye BOLD na GenBank, hifadhidata za kimataifa za mifuatano ya DNA. Kulingana asilimia 100 si jina. Angalia ni spishi ngapi zimefungana kwa asilimia hiyohiyo, mfuatano wako umefunikwa kwa kiasi gani, na kama mfuatano wa hifadhidata una namba ya kielelezo. Spishi yako ikiwa haijawahi kusomwa, hifadhidata haitanyamaza. Itakupa jirani yake aliye karibu kwa sauti ya uhakika uleule. Kwa hiyo andika orodha ya spishi zinazoweza kuwepo eneo lako kutoka kwenye flora (kitabu cha mimea ya eneo), uhakiki ni zipi zina mfuatano, na zisizo nao uzitaje kwenye ripoti. rbcL ikifungana kwa spishi saba, ripoti iseme jenasi. Kielelezo kimoja kipelekwe Hebaria ya Taifa Arusha, nakala ibaki hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ya taasisi yako, na namba zake ziandikwe kwenye rekodi ya mfuatano siku unapouweka GenBank, ili jina likibadilika atakayekuja baadaye ajue ni jani gani la kufungua.